Guinea: Nchi Iliyozaliwa kwa Neno "Hapana"

Karibu kila mwanafunzi aliyepita kwenye somo la historia ya Afrika anaijua sentensi hii: mwaka 1958 Guinea ilimkatalia De Gaulle. Mwalimu anaisema, tunaiandika, inatoka kwenye mtihani, tunapata maksi zetu, basi. Tunafunga ukurasa tunahamia Ghana au Congo.

Kinachobaki nje ya daftari ni miaka iliyofuata, na humo ndimo lilimo somo lenyewe. Nchi ileile iliyopata uhuru wake kwa kusema "hapana" ndiyo iliyokuja kuwa mahali ambapo raia akilitamka neno hilo anaishia jela, uhamishoni au kaburini. Ilikuwaje? Nawaomba wasomi wenzangu tuifuate habari hii hatua kwa hatua, na tuifuate kama wanafunzi hasa, maana walimu na wanafunzi wamo ndani yake tangu mwanzo.

1. "Hapana" ilitoka wapi?

Katikati ya mwaka 1958 Jenerali Charles de Gaulle alirudi madarakani Ufaransa, nchi ikiwa imetikiswa na vita vya Algeria. Aliandaa katiba mpya na kuyaambia makoloni ya Afrika yachague kwa kura ya maoni tarehe 28 Septemba. Ukipiga "Ndiyo", unaingia katika Jumuiya ya Kifaransa: unajitawala ndani, lakini ulinzi, mambo ya nje na sarafu vinabaki mikononi mwa Paris. Ukipiga "Hapana", unapata uhuru hapohapo, ila na misaada yote inakatika hapohapo.

Tarehe 25 Agosti De Gaulle alifika Conakry. Ahmed Sékou Touré, kiongozi wa chama cha PDG, akatoa hotuba iliyomfanya ajulikane dunia nzima, akisema kwamba Waafrika wanaona heri umaskini katika uhuru kuliko utajiri katika utumwa. De Gaulle akajibu kwa ukali kwamba Guinea ikitaka uhuru itaupata, na matokeo yake itayabeba yenyewe.

Hapa wengi tunafunga hesabu: Sékou Touré kasema, wananchi wakafuata. Kumbe siku ile Touré alikuwa hajawaambia watu wapige "Hapana". Alichokuwa akidai ni katiba irekebishwe ili itambue haki ya kila koloni kujitenga baadaye. Msukumo wa kukataa moja kwa moja ulitoka chini: kwa walimu, wanafunzi, vijana wa chama, kinamama na vyama vya wafanyakazi. Mkutano wa PDG ulifikia uamuzi wa "Hapana" tarehe 14 Septemba, wiki mbili tu kabla ya kura.

Nguvu hiyo ya chini ilikuwa imejengwa kwa miaka. Mwaka 1953 wafanyakazi waligoma kwa zaidi ya miezi miwili wakidai haki zao chini ya sheria mpya ya kazi, na watu wa vijijini waliwasaidia kwa chakula mpaka wakashinda. Mwaka 1955 M'Balia Camara, mwanamke wa PDG, alikatwa kwa upanga na chifu aliyeteuliwa na wakoloni, akafariki. Kifo chake kikawasha nchi. Mwishoni mwa 1957 vyeo vya machifu hao vikafutwa. Siku ya kura ilipofika, serikali ya kikoloni haikuwa na watu wake vijijini wa kuwaamrisha wananchi. Linganisha na Niger: kule kiongozi wa serikali, Djibo Bakary, naye alipiga kampeni ya "Hapana", lakini machifu walikuwa bado na nguvu na utawala wa Kifaransa ukawatumia vilivyo. "Ndiyo" ikapita.

Guinea zilihesabiwa kura za "Hapana" zaidi ya 1,130,000, na za "Ndiyo" hazikufika 57,000. Ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyokataa. Tarehe 2 Oktoba 1958 ikatangaza uhuru.

Shika jambo moja hapa, tutalihitaji mbele: "Hapana" ya Guinea haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya watu waliojipanga kwenye vyama vyao, wenye uwezo wa kumsukuma hata kiongozi wao wenyewe.

2. Bei ya kukataa

Ufaransa iliadhibu. Watumishi wake waliondolewa ndani ya wiki chache: wahandisi, madaktari, walimu, makarani. Vifaa vilibebwa, mafaili yakapotea, simu zikang'olewa. Mikopo na misaada ikakoma. Ujumbe ulikuwa umelengwa pia kwa majirani: tazameni yanayompata anayekataa.

Guinea haikufa. Kwame Nkrumah wa Ghana aliahidi mkopo wa pauni milioni 10, na nchi hizo mbili zikatangaza umoja mwezi Novemba 1958. Desemba mwaka huohuo Guinea ikaingia Umoja wa Mataifa. Umoja wa Kisovieti na nchi za Ulaya Mashariki zikaleta wataalamu, mikopo na mitambo. Hata chuo kikuu cha kwanza cha Conakry, ambacho leo kinaitwa Gamal Abdel Nasser, kilijengwa kwa msaada wa Wasovieti.

Tarehe 1 Machi 1960 Guinea ikatoka kwenye faranga ya CFA na kuanzisha sarafu yake. Idara ya ujasusi ya Ufaransa ikajibu kwa mpango ulioitwa Persil: noti bandia za Guinea zilichapwa na kumwagwa nchini ili kuiua ile sarafu mpya, na wapinzani wakapewa silaha mipakani.

Kwa hiyo tusije tukadhani maadui wa Guinea walikuwa wa kutunga. Miaka kumi baadaye, tarehe 22 Novemba 1970, majeshi yaliyotumwa na Ureno kutoka Guinea-Bissau yalivamia Conakry kwa meli usiku. Yalishirikiana na Waguinea waliokuwa uhamishoni, yakitaka kuwakomboa wafungwa wa Kireno, kumkamata Amílcar Cabral, ambaye chama chake cha PAIGC kilikuwa na makao makuu mjini humo, na kumpindua Touré. Wafungwa walikombolewa, hayo mengine yakashindikana.

Na kuna upande wa heshima ambao Afrika haiwezi kuusahau. Guinea iliwapa wapigania uhuru wa PAIGC mahali pa kuanzia. Nkrumah alipopinduliwa mwaka 1966, Touré alimpokea na kumpa heshima ya kuwa rais mwenza. Miriam Makeba aliishi huko kwa miaka mingi. Nchi ilianza pia mwaka 1968 kufundisha shuleni kwa lugha nane za taifa, jambo ambalo nchi nyingi hadi leo zinalizungumza kwenye makongamano tu.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Swali la somo hili ni nini kilitokea pale serikali ilipoanza kuwatazama raia wake wote kama ung'ongo.

3. Walimu wa mwaka 1961

Mtihani wa kwanza ulikuja mapema, na waliokalia kiti cha moto walikuwa walimu.

Mwaka 1961 umoja wa walimu uliandika waraka kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Hebu tulitazame jambo lenyewe lilivyo: ni chama cha wafanyakazi kinachodai maslahi, kama kile Touré mwenyewe alichokiongoza mwaka 1953. Na hao walimu walikuwa miongoni mwa waliopigania "Hapana" mapema kabisa. Jibu la serikali lilikuwa kuwakamata viongozi wao mwezi Novemba na kuwashtaki kwa njama ya kuipindua nchi. Keita Koumandian, kiongozi wa walimu, alihukumiwa miaka 10. Mwingine aliyefungwa alikuwa Djibril Tamsir Niane, mwanahistoria ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ametoa kitabu chake juu ya Sundiata, mfalme wa Mali ya kale. Tunaosoma historia tunamjua kwa jingine pia: baadaye ndiye aliyehariri juzuu ya nne ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO. Alipotoka jela hatimaye alihamia Senegal.

Wanafunzi wa sekondari waligoma kuwaunga mkono walimu wao, kwanza Conakry, halafu Labé na miji mingine. Walitawanywa kwa nguvu, shule zikafungwa, wakarudishwa makwao. Serikali ikasema nyuma yao kuna mkono wa Wasovieti, na Desemba balozi wa Moscow, Daniel Solod, akafukuzwa.

Inasimuliwa kwamba Touré alipokuwa kijana alifukuzwa shule ya ufundi mjini Conakry kwa kuongoza mgomo wa chakula. Mwanafunzi aliyegoma kwa sababu ya chakula amekuwa rais anayewafungia shule wanafunzi waliogoma. Hilo halihitaji maelezo.

Baada ya hapo, vyama vya wafanyakazi, vijana na wanawake vilibaki na majina yao lakini vikawa matawi ya chama tawala. Vyama vya upinzani vilikuwa tayari vimejiunga na PDG tangu mwisho wa 1958. Mlango mmoja baada ya mwingine ulifungwa, na kila mara kwa hoja ileile: umoja wa taifa.

4. Kila "hapana" ni njama

Mwaka 1965 mfanyabiashara mmoja, Mamadou Touré, maarufu kama Petit Touré, alijaribu kusajili chama kipya. Katiba ilikuwa inaruhusu. Alikwenda kufuata sheria, akakamatwa kwa kosa la njama, akafa kwa njaa gerezani.

Gereza hilo ndilo Camp Boiro, ndani ya jiji la Conakry. Mateso yake ya kutisha kuliko yote yaliitwa "mlo mweusi": mfungwa anafungiwa chumbani bila chakula wala maji mpaka afe. Keita Fodéba, msanii aliyeanzisha kundi la ngoma la Ballets Africains na baadaye waziri mkubwa wa usalama na ulinzi, alishiriki kuijenga mitambo hiyo ya dola. Mwaka 1969 ikamgeukia na kummaliza.

Baada ya uvamizi wa 1970 hofu ikawa mfumo. Mashtaka na maungamo ya washtakiwa yalisomwa redioni, na watu wengi walikiri mambo kwa sababu ya mateso. Januari 1971 watu walinyongwa hadharani kwenye daraja la Conakry. Askofu Mkuu Raymond-Marie Tchidimbo alifungwa mpaka mwaka 1979.

Kisa kinachouma zaidi ni cha Diallo Telli. Huyu ndiye Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia 1964 hadi 1972. Aliporudi nyumbani akapewa uwaziri wa sheria. Julai 1976 alikamatwa, akatuhumiwa kuongoza njama ya Wafulani, kabila lake. Alikufa Camp Boiro mwanzoni mwa Machi 1977, kwa mlo mweusi. Mtu aliyekaa meza moja na marais wote wa bara hili alikufa kwa kiu kwenye chumba cha jela, na bara likakaa kimya.

5. Kwa nini serikali haikuanguka?

Swali la haki. Nchi inayofunga walimu, inayosumbua wafanyabiashara, ambayo mamia ya maelfu ya watu wake wamekimbilia Senegal, Kodivaa, Sierra Leone na kwingine, inaendeleaje kusimama miaka 26?

Sehemu kubwa ya jibu iko ardhini. Guinea ina akiba kubwa kuliko zote duniani ya boksiti, madini yanayotoa alumini. Kiwanda cha Fria kilianza kazi mwaka 1960 na kilikuwa cha kampuni za kigeni, wakiwemo Wafaransa na Wamarekani. Mwaka 1973 mgodi mkubwa wa Boké nao ukaanza kusafirisha madini kupitia bandari ya Kamsar. Ajabu yake ni kwamba wakati redio ikiwalaani mabeberu mchana na usiku, fedha za kigeni zilikuwa zinaletwa na kampuni za haohao mabeberu.

Serikali inayoishi kwa kodi ya mkulima na mfanyabiashara inalazimika kumsikiliza angalau kidogo. Serikali inayolipwa bandarini haimhitaji. Mkulima wa kahawa au ndizi akiacha kulima, mwalimu akihama, daktari akitoroka, hundi ya boksiti itafika tu. Ongeza wanamgambo na kamati za chama mpaka mtaani, utaelewa kwa nini wasomi waliona njia rahisi ni kuondoka.

6. Wanawake wa soko la Madina

Lakini wapo ambao serikali haikuweza kuishi bila wao, nao ni wanaolisha mji.

Mwaka 1975 biashara binafsi ilipigwa marufuku. Kila mazao yalitakiwa kupita kwenye vyombo vya dola, na polisi wa uchumi wakapewa mamlaka ya kupekua vikapu sokoni. Mtu akitaka kununua mchele wa watoto anakuta duka la serikali halina, na la mtu binafsi haliruhusiwi.

Tarehe 27 Agosti 1977, katika soko la Madina mjini Conakry, ugomvi kati ya mwanamke mmoja na polisi wa uchumi uliwaka. Wanawake wakaliteka soko, wakaandamana hadi ikulu. Touré akawapokea, miaka yote alikuwa akisema wanawake ndio nguzo ya chama. Kesho yake alipohutubia kwenye Jumba la Umma alizomewa. Wazia: rais ambaye hakuna aliyethubutu kumpinga kwa miaka, anazomewa na wauza samaki na mboga. Askari walifyatua risasi na kuna waliokufa, lakini moto ulikuwa umeshaenea mikoani, na magavana kadhaa wakauawa.

Serikali ikasalimu amri. Polisi wa uchumi walivunjwa, biashara ndogondogo ikaruhusiwa tena kidogokidogo. Uhusiano na Ufaransa nao ulikuwa umeanza kurudi tangu 1975. Na 27 Agosti? Ikageuzwa kuwa Siku ya Wanawake wa Guinea. Ndivyo dola zinavyofanya na "hapana" zisizoweza kuzizima: zinaipigia makofi na kuifanya sikukuu.

7. Uwanja wenye jina la siku ile

Sékou Touré alifariki tarehe 26 Machi 1984 akitibiwa Marekani. Siku nane baadaye jeshi likapindua, Kanali Lansana Conté akashika nchi mpaka alipokufa Desemba 2008. Nao wenye vyama wakarudi: mwanzoni mwa 2007 vyama vya wafanyakazi viliitisha mgomo mkuu, watu zaidi ya 100 wakauawa, lakini Conté akalazimika kukubali waziri mkuu mpya.

Baada yake akaja Kapteni Moussa Dadis Camara. Tarehe 28 Septemba 2009 wananchi walikusanyika kupinga nia yake ya kugombea urais. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Conakry unaoitwa Uwanja wa 28 Septemba, jina la siku ya "Hapana" ya 1958. Askari waliingia na kufyatua risasi. Zaidi ya watu 150 waliuawa au kupotea, na zaidi ya wanawake 100 wakabakwa. Julai 2024 mahakama ya Guinea ilimtia Camara hatiani kwa makosa dhidi ya ubinadamu na kumpa miaka 20. Machi 2025 akasamehewa na mtawala wa kijeshi.

Katikati ya hayo alikuwepo Alpha Condé, aliyewahi kuongoza shirikisho la wanafunzi wa Afrika Ufaransa na kuhukumiwa kifo na Touré bila kuwepo mahakamani. Alichaguliwa rais mwaka 2010. Mwaka 2020 alibadili katiba, akachukua muhula wa tatu huku waandamanaji wakipigwa risasi. Septemba 2021 Kanali Mamady Doumbouya akampindua. Septemba 2025 Waguinea waliitwa tena kwenye kura ya Ndiyo au Hapana juu ya katiba mpya, iliyomfungulia Doumbouya mlango wa kugombea. Safari hii serikali ilitangaza kuwa "Ndiyo" imeshinda kwa kishindo.

8. Tunaondoka na nini?

Kuna majibu mawili rahisi, na yote yanatoka sana kwenye mijadala yetu ya vimbweta. La kwanza: Guinea ilikosea, ingesema "Ndiyo" kama wenzake. Lakini waliosema "Ndiyo" nao wengi walipata uhuru mwaka 1960, na wengi wao waliishia kwenye chama kimoja na mapinduzi ya kijeshi vilevile. "Ndiyo" haikuwa kinga. La pili: yote ni kazi ya Ufaransa. Ufaransa ilitenda uovu, tumeuona. Ila siyo Paris iliyomnyima maji Diallo Telli.

Ninachokiona mimi ni hiki. Guinea iliweza kusema "Hapana" mwaka 1958 kwa sababu ilikuwa na vyombo vya kuisemea: umoja wa walimu, vyama vya wafanyakazi, wanafunzi, mitandao ya wanawake. Vilikuwa huru kiasi cha kumlazimisha hata kiongozi waliyempenda abadili msimamo. Baada ya uhuru, vyombo hivyohivyo vilionekana kuwa hatari kwa umoja, vikavunjwa au kumezwa. Maadui wa nje walipokuja kweli, hakukuwa na mtu ndani mwenye ubavu wa kusema: mheshimiwa, huyu si adui, huyu ni mwalimu anayedai mshahara. Kosa likawa halina wa kulisahihisha.

Kwa hiyo chama cha wanafunzi, cha walimu au cha wauza sokoni si pambo la demokrasia, wala si ngazi ya kupandia ubunge. Ni mahali ambapo neno "hapana" linatunzwa wakati halina matumizi, ili lipatikane siku linapohitajika. Likishapotea kulirudisha ni ghali, na Waguinea wamelipa zaidi ya mara moja.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Kama Hapana ya 1958 ilitoka chini, kwa nini vitabu vyetu humpa Sékou Touré peke yake? Nani hunufaika na simulizi hiyo?

2. Nchi inayotishiwa kweli na maadui wa nje ifanye nini ili ijilinde bila kuwageuza raia wake kuwa washukiwa?

3. Wanawake wa Madina walifaulu pale walimu na wanafunzi waliposhindwa. Tofauti ilikuwa nini hasa?

4. Chama chetu hapa chuoni: mara ya mwisho kiliwaambia "hapana" viongozi wake chenyewe ilikuwa lini?